Dawa ya kusafisha nozeli: inatangulia dawa, mafuta yanafuata

Ukifika sheli na chupa yako ya dawa ya nozeli (vile vipulizi vya petroli kwenye injini) mkononi, kijana wa pampu atakuuliza, "Tujaze kwanza, bosi?" Mwambie hapana. Petroli ikiingia kwa kasi ndiyo inayoikoroga dawa. Ukiimimina juu ya tenki lililojaa, haina pa kwenda.

Mimi nililipia somo hili kwa rangi ya gari. Nilijaza mpaka pampu ikajikata mara tatu, ndipo nikakumbuka chupa iko kwenye dashibodi. Nusu iliingia, nusu ikarudi na kuchuruzika ubavuni. Nilikuja kuifuta nyumbani, nimeshachelewa: doa lipo hadi leo, chini kidogo ya mfuniko.

Hatua ya 1. Subiri mshale ushuke hadi robo hivi. Usitembee siku mbili na taa ya mafuta inawaka eti unasubiri dawa ifanye kazi vizuri. Pampu iliyomo ndani ya tenki inapozwa na petroli hiyohiyo.

Hatua ya 2. Soma chupa, upige hesabu. Hapa ndipo tunapoharibu wengi. Tuseme imeandikwa mililita 300 kwa lita 60, yaani mililita 5 kwa kila lita. Toyota IST, yenye tenki la lita 45, inataka mililita 225 likijaa. Sasa wewe unayeweka mafuta ya elfu kumi kumi ukimwaga chupa nzima, umeyapa mafuta kidogo dozi ya tenki kubwa. Ama itunze chupa hadi mshahara utoke ujaze fuli, ama igawe: jumlisha lita zilizobaki na utakazoongeza, zidisha kwa 5. Mimi hupima kwa bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe. Litumie mara moja ulitupe, maana ule mpira wa ndani huvimba ukakwama.

Hatua ya 3. Zima injini, mimina taratibu, tone likidondoka lifute hapohapo. Kisha wekewa mafuta, na pampu ikijikata, basi.

Hatua ya 4. Endesha. Safari ya Dar hadi Morogoro ni bora kuliko foleni ya Ubungo. Usiongeze mafuta hadi mshale urudi robo, utaizimua dawa. Kama service iko karibu, tumia dawa kwenye tenki la mwisho kabla ya kumwaga oili, kwa sababu mabaki kidogo hupenya hadi kwenye oili.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeshajaza na chupa ninayo. Nisubiri tenki lijalo?*
Kama hujajaza hadi shingoni, mimina tu. Kona na breki zitachanganya zenyewe njiani. Kama limejaa pomoni, subiri. Usiiweke likiwa nusu kwa dozi ya tenki zima.

*Nina Toyota Noah yenye injini ya D-4, inatetemeka ikisimama kwenye taa. Itapona?*
Nozeli zitasafika. Lakini kwenye D-4 petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu, kwa hiyo masizi ya kwenye valvu dawa ya tenki haiyagusi. Hayo ni ya fundi kufungua na kusafisha. Na kabla ya yote kagua plagi na koili, kaka. Gari linalomisi (linalorukaruka kuwaka) kwa sababu ya koili utalinywesha katoni nzima na bado litamisi.

*Ya petroli naweza kuweka kwenye dizeli?*
Hapana, dada. Pampu ya dizeli inalainishwa na mafuta yenyewe, usiyachezee. Nunua iliyoandikwa dizeli.

*Nahisi nimewekewa mafuta yaliyochakachuliwa. Dawa itasaidia?*
Haitasaidia. Kama ni maji, yamezama chini ya tenki, hapohapo pampu inapovuta. Usiendelee kuwasha, vuta gari kwa fundi amwage tenki. Chukua sampuli kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie: maji yatajitenga chini na utayaona kwa macho. Risiti usiitupe, utaihitaji ukienda EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, kulalamika.