Somo: Chumvi inavyokunja na kukunjua kromatini, kwa damu ya kuku

Tyubu mbili zina ute mzito unaofanana kabisa. Moja haina chumvi, nyingine imejaa chumvi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa maabara huchanganyikiwa, kwa sababu kilichotokea ndani ya hizo mbili ni vitu tofauti. Somo hili ni la kuzitofautisha.

Msingi kwanza. Kromatini ni DNA pamoja na protini zinazoifunga, hasa histoni. Jozi 147 za besi za DNA huzunguka histoni nane kuunda nyukleosomu. Kila jozi ina fosfati mbili zenye chaji hasi, na histoni hizo hufidia takriban nusu tu. Chaji zinazobaki husukumana mpaka ioni zije kuzituliza. Aina ya ioni ina uzito mkubwa: sodiamu, yenye chaji moja, inahitaji kufika karibu 100 mM (milimola kwa lita) ndipo nyuzi zikunjamane, magnesiamu, yenye chaji mbili, hutosha ikiwa takriban 1 mM.

Vimiminiko

A (ml 500): NaCl g 4.38, Tris (bafa, yaani kitu kinachotuliza pH) g 0.61, magnesiamu kloridi yenye maji sita g 0.305. Weka pH 7.5 kwa HCl kikiwa digrii 25. Kikipoa hadi digrii 4, pH hupanda kama 0.6, usikirekebishe tena.
B: A pamoja na Triton X-100 (sabuni inayoyeyusha utando wa seli), asilimia 0.5.
C: Tris 10 mM na EDTA (inayonasa magnesiamu) 1 mM, pH 8. Hakina chumvi.
D: Tris 10 mM na NaCl 2 M, yaani g 11.69 kwa ml 100.

Chumvi ya dukani haifai, imetiwa iodati na dawa ya kuizuia isigandane. Maji yawe yaliyotoneshwa. Ya kisima, hasa upande wa Nakuru, yana floridi na madini mengine, na jaribio zima ni la ioni.

Hatua

1. Kinga damu ml 0.9 kwenye sitrati ya sodiamu ml 0.1 (asilimia 3.8), kuku anapochinjwa. Usizidishe. Mililita moja ina miligramu kadhaa za DNA, na ukijaza tyubu utapata donge lisilopita kwenye pipeti.

2. Osha mara mbili kwa A baridi, sentrifuji 500 g (mara 500 ya nguvu ya mvutano, si gramu), dakika 5. Nyonya na utupe utando mweupe ulio juu ya seli nyekundu: ni seli nyeupe, zimejaa vimeng'enya vinavyokata histoni. Joto la mchana la Kisumu huviharakisha, kwa hiyo barafu iwe tele.

3. Ongeza B ml 10, dakika 5 kwenye barafu, kisha 1000 g dakika 5. Rudia mpaka mashapo yaache wekundu. Hivyo ni viini vya seli. Suuza kwa A ili Triton iondoke.

4. Gawa viini kwenye tyubu tatu, uzungushe, umwage maji ya juu yote. Ongeza ml 3: A kwa ya kwanza, C kwa ya pili, D kwa ya tatu.

Ya kwanza itabaki kama maziwa, viini vikiwa vimebanana. Ya pili na ya tatu zitang'aa na kuvutika kama ute wa yai. Katika ya pili EDTA imenyakua magnesiamu, viini vimevimba na kupasuka, lakini nyukleosomu zipo zote. Katika ya tatu chumvi imezing'oa histoni: H1 na H5, zilizo nje ya zile nane, hutoka karibu 0.6 M, H2A na H2B kuanzia kama 1 M, na kufikia 2 M hata H3 na H4 zimeachia.

5. Sasa jaribu. Chukua ml 1 ya tyubu ya tatu, tia maji ml 12.3 polepole ukikoroga kwa kijiti cha kioo. NaCl ikishuka hadi 0.15 M, nyuzi nyeupe hujizungusha kwenye kijiti. Ya pili ukiitia maji haibadiliki. Ml 3 za tyubu ya pili, bila maji ya ziada, zitie µl 18 za magnesiamu kloridi 1 M, na zitageuka nyeupe kama maziwa hapo hapo. (EDTA hula 1 mM ya kwanza, kwa hiyo hubaki 5 mM.)

Maswali ya wanachama

*Kakamega: Mwalimu, buchani kuna damu ya ng'ombe bure. Naweza kuitumia?*
Hapana. Seli nyekundu za ng'ombe hazina viini. Samaki anafaa, ukiwa Kisumu, damu ya ngege mbichi itakupa viini.

*Njoro: Viini vyangu vimekuwa ute kwenye hatua ya 3, kabla sijafika C.*
B yako haina magnesiamu, au uliitengeneza kwa bafa yenye EDTA. Usiongeze magnesiamu sasa ukidhani vitarudi kuwa viini. Utapata mabonge tu. Anza upya.

*Busia: KCl badala ya NaCl?*
Ndiyo, kwa mola ile ile: g 5.59 kwa ml 500 za A. Ndani ya seli, potasiamu ndiyo nyingi kuliko sodiamu.

*Eldoret: Na bafa ya fosfati?*
Iache. Fosfati hushika magnesiamu, na kinachokunja kromatini ni magnesiamu iliyo huru, si ile uliyopima kwenye mizani. Ndani ya seli ATP, molekuli inayobeba nishati, hufanya vivyo hivyo: seli inapogawanyika ATP hupungua, magnesiamu huachiliwa, na kromosomu hubanana zaidi.