Jinsi ya kuchagua hoteli ndogo yenye mada kwa mapumziko mafupi mjini

Hoteli ndogo zenye mada, yaani zilizojengwa au kupambwa kufuata wazo moja, huuzwa kwa picha: ukuta wa vitabu, mlango wa chuma wa jela ya zamani, ngazi za kasri. Kabla hujalinganisha bei, tafuta jibu la swali moja: mada hiyo inafika hadi chumba utakacholala, au inaishia mapokezi?

Mifano miwili inaonyesha tofauti. Liberty Hotel ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 2007, imo katika jela iliyojengwa mwaka 1851. Ukumbi wake mkuu ni wa jela kweli, lakini vyumba vilivyomo ndani ya jengo hilo la zamani ni vichache tu. Vingi sana viko kwenye jengo jipya la ghorofa lililojengwa kando yake. Library Hotel ya New York imefanya kinyume. Ghorofa zake 10 za kulala zimegawanywa kwa mpangilio wa Dewey unaotumika maktabani, na kila chumba kati ya vyumba 60 kina somo lake na vitabu vyake. Zote ni hoteli nzuri. Lakini mtu anayelipa ziada ili alale ndani ya kuta za jela, kisha apewe chumba cha jengo jipya, atakuwa amelipia ukumbi ambao hata mpita njia angeweza kuingia na kunywa kahawa.

Kwa hiyo usiishie kwenye picha za mwanzo za tovuti. Fungua ukurasa wa aina ya chumba unachoweza kukilipia, maana vyumba vya bei ya chini ndivyo hunyimwa mapambo kwanza. Kama picha ni zilezile kwa aina tatu za vyumba, andika barua pepe uulize chumba chako kiko jengo gani, ghorofa ya ngapi, na dirisha linatazama wapi. Jibu la kukwepa lichukulie kama jibu.

Ukishajua mada ni ya kweli, liangalie jengo lenyewe, kwa sababu kazi ya zamani ya jengo ndiyo huleta kasoro zake. Jela na nyumba za watawa zina kuta nene: sauti ya jirani haipiti, lakini na mawimbi ya intaneti hayapiti vizuri. Madirisha yake huwa madogo na ya juu. Maghala na viwanda vina dari ndefu na mwanga mwingi, ila sakafu za zege na kuta tupu hurudisha mwangwi, na chumba cha dari ndefu huchelewa kupata joto. Majengo ya ofisi na benki ni mapana mno, hivyo vyumba vya katikati hukosa ukuta wa nje. "Dirisha la ndani" maana yake mara nyingi ni kutazama ukuta mwingine au korido. Nyumba za kifahari za zamani zina ngazi nyembamba, sakafu za mbao zinazolia, na pengine hazina lifti kabisa. Pia majengo mengi ya namna hii yanalindwa kisheria kama urithi, na mwenye hoteli haruhusiwi kubadilisha madirisha apendavyo. Ndiyo maana hoteli ya gharama kubwa inaweza kuwa na dirisha la kioo kimoja juu ya barabara yenye magari usiku kucha.

Kelele inastahili uchunguzi wa pekee. Ian Schrager, aliyefungua hoteli ya Morgans jijini New York mwaka 1984 pamoja na Steve Rubell, aliigeuza sebule ya hoteli kuwa mahali pa watu kukutana, na hoteli nyingi za aina hii zimefuata njia hiyo. Ni jambo la kupendeza mpaka utakapojaribu kulala juu ya baa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele ndani ya chumba cha kulala usiku isizidi desibeli 30, kiwango ambacho muziki wa chini hukivuka kwa urahisi, kwani mdundo wa besi husafiri kupitia nguzo za jengo. Uliza baa hufungwa saa ngapi. Omba chumba cha upande wa ua, angalau ghorofa mbili kutoka kwenye baa, iwe ya chini au ya juu ya paa, na mbali na lifti. Ombi hilo liandike siku ya kuagiza, si usiku unapofika.

Ukubwa usiukisie kwa macho. Picha hupigwa kwa lenzi pana. Ukiona mito ya pembeni imevutika, jua chumba ni kidogo kuliko kinavyoonekana. Tafuta mita za mraba, kisha uliza kama bafu limehesabiwa humo. Chumba cha mita 14 pamoja na bafu ni hivi: kitanda cha sentimita 160 kwa 200 kinachukua mita 3.2, bafu dogo kama mita 3 au 4, na zinazobaki, takriban 7, ni za mlango, kabati, meza na kupita. Begi kubwa likifunguliwa linahitaji karibu mita nzima. Mtu mmoja anatosha. Wawili wenye mabegi mawili watarukana. Kwa wawili, tafuta 18 au zaidi.

Halafu bafu. Wabunifu wa hoteli hizi hupenda kuta za kioo, na wakati mwingine choo hutengwa na kitanda kwa kioo chenye ukungu tu. Kama hulali na mwenzi wako wa karibu, hakikisha kuna mlango unaofungwa.

Maoni ya wageni yasome kuanzia mapya, ya miezi 12 iliyopita, na uanze na wale waliotoa nyota tatu. Hao hutaja jema na baya. Tafuta maneno kama "kelele", "dirisha", "lifti" na "giza".

Kwa usiku mbili, umbali una uzito kuliko mapambo. Dakika 30 kwenda na 30 kurudi, mara mbili kwa siku, ni saa mbili zimepotea. Pima kwenye ramani: mita 800 ni kama dakika 10 kwa miguu.

Bei linganisha kwa jumla: chumba, kifungua kinywa, na kodi ya wageni, ambayo mara nyingine hulipwa hotelini na haimo kwenye bei uliyoiona. Amsterdam, kwa mfano, hutoza asilimia 12.5 tangu mwaka 2024. Uliza pia dhamana itakayozuiwa kwenye kadi yako, kwani inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa.

Ukifika, usifungue begi kwanza. Fungua maji ya moto, funga dirisha na usikilize, jaribu intaneti ukiwa kitandani. Kama kuna tatizo, rudi mapokezi papo hapo. Kitanda kikishalaliwa, chumba hakiwezi kupewa mgeni mwingine bila kusafishwa upya, na kukuhamisha kunakuwa kugumu zaidi.