Ulezi uliochipua kwa chiriku wenye makinda

Kwa wenzangu wa Tabora wanaofuga chiriku wa Gould au chiriku milia: anzeni kuwapa ulezi au uwele uliochipua siku chache kabla mayai hayajaanguliwa, kwa sababu ndege hawa hushuku chakula kigeni na huchelewa kukizoea. Loweka punje usiku kucha, zisuuze vizuri, ziache ndani ya chujio lililofunikwa kitambaa safi, kisha zisuuze asubuhi na jioni mpaka ncha nyeupe ichomoze, usingoje majani. Kuchipua hulainisha punje na kuanza kuvunja wanga wake, hivyo wazazi huzimenya kwa urahisi na makinda huzimeng'enya vyema. Huko kaskazini mwa Australia, chiriku wa Gould huzaliana mvua zinapoelekea kuisha, na makinda yao hulishwa mbegu za nyasi zisizokauka bado. Punje kavu peke yake iko mbali sana na mlo huo.

Njia hii hushindwa wakati wa joto la Septemba na Oktoba, punje zinapochachuka upesi. Zikinuka uchachu au zikiteleza vidoleni, zitupe zote, wala usijaribu kuziokoa kwa kuziosha. Hata zilizo nzuri, ziondoe kwenye kizimba zikishakaa humo kwa muda wa saa tatu au nne. Nunua nafaka ya chakula sokoni, kwani mbegu za kupandia, hasa zenye rangi ya waridi au kijani, huwa zimepakwa dawa inayoweza kuua ndege.