Taa za Trela Zinazofifia na Breki za Umeme Zisizoshika: Jinsi ya Kuitafuta Kasoro

Hapa Ohio, Marekani, ambako chumvi humwagwa barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, trela lililofungwa nyaya mpya mwezi wa Septemba linaweza kufika Machi likiwa na taa moja inayowaka, nyingine inayofifia na breki zinazoshika siku zipendazo zenyewe. Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wanaovuta kwa pikapu matrela ya kubebea magari, mashine za kukatia nyasi au vifaa vya ujenzi, yaani matrela yenye umeme wa volti 12 na breki za umeme. Sizungumzii semi za breki za upepo tulizozizoea kwenye barabara ya Mombasa au ya Tunduma, ambazo umeme wake ni wa volti 24 na zina taratibu zake.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuanza kwa kununua vifaa. Taa haiwaki, ananunua taa. Breki hazishiki, ananunua sumaku za breki. Na baada ya kutumia dola mia mbili kasoro inabaki palepale, kwa sababu taa na sumaku zilikuwa nzima tangu mwanzo. Kwa uzoefu wangu, kasoro nyingi za trela zimo kwenye viungio vya nyaya na kwenye njia ambayo umeme huitumia kurudi kwenye betri.

Litenge gari na trela

Kabla ya kulala chini ya trela, chomoa plagi na uipime soketi ya gari peke yake. Soketi ya kawaida kwenye pikapu za huku ina njia saba: sita bapa zilizozunguka ukingoni na moja ya duara katikati, ambayo kwa kawaida ni ya taa za rivasi. Zile sita ni za ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), taa ndogo, indiketa ya kushoto pamoja na taa ya breki ya upande huo, indiketa ya kulia pamoja na taa ya breki ya upande huo, breki za umeme, na umeme wa kudumu wa kuchaji betri ya trela.

Tumia testa yenye balbu ndani, ile inayofanana na bisibisi yenye mkia wa waya, wala usianze na multimita, kile kipimo cha umeme kinachoonyesha namba. Multimita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliokatika nyuzi zake karibu zote ukabakiwa na unyuzi mmoja utakuonyesha volti 12 kamili, nawe utaapa kwamba uko salama, lakini ukiufungia taa haufiki popote. Balbu ya testa huulazimisha waya kufanya kazi kidogo, na waya mbovu hujulikana kwa mwanga hafifu. Ubane mkia wa testa kwenye njia ya ethi ya soketi yenyewe, usiubane kwenye bampa, kwa sababu ukiubana kwenye bampa hutajua kama ethi ya soketi ni nzima. Kisha mtu akae ndani ya gari na kuwasha kila kitu kwa zamu.

Ikiwa njia moja haina umeme, fungua boneti utafute fyuzi. Pikapu nyingi zilizoandaliwa kiwandani kwa kuvuta trela zina fyuzi za trela zilizo mbali na fyuzi za taa za gari lenyewe, na ndiyo maana indiketa ya gari huweza kuwaka vizuri huku ya trela ikiwa imekufa. Kwenye magari yenye indiketa za rangi ya machungwa zilizotenganishwa na taa za breki, hali ni tofauti kidogo: trela la Kimarekani hutumia balbu moja kwa kazi zote mbili, kwa hiyo katikati hufungwa kiboksi kinachounganisha ishara hizo. Kiboksi hicho huungua upesi trela likipiga shoti, na kukibadilisha bila kwanza kuitafuta shoti ni kukiunguza cha pili.

Soketi ikiwa nzima, liache gari. Chukua betri ya volti 12, unganisha hasi yake na waya wa ethi wa plagi ya trela, kisha kutoka chanya pitisha waya wenye fyuzi ya ampea 10 na uguse njia za taa moja baada ya nyingine. Sasa trela linawaka bila msaada wa gari, na chochote kisichowaka ni kasoro ya trela.

Usiziamini rangi za nyaya. Katika utaratibu unaotumika kwenye matrela mengi ya mizigo, mweupe ni ethi, wa kahawia ni taa ndogo, wa njano ni kushoto, wa kijani ni kulia, wa buluu ni breki na mweusi ni umeme wa kudumu. Lakini nyumba za kuvutwa hufuata utaratibu mwingine ambao wa kijani ndio taa ndogo, mwekundu ni kushoto na wa kahawia ni kulia. Mtu akinunua plagi yenye mkia wa utaratibu mmoja na kuiunga kwenye trela la utaratibu mwingine, rangi kwa rangi, akiwasha taa ndogo indiketa ya kulia itawaka isizime. Unga kwa kufuata kazi ya waya.

Waya mweupe

Dalili za ethi mbovu zinafanana na uchawi. Ukiwasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo inapepesa kwa mwanga dhaifu. Taa ndogo zinawaka vizuri mpaka ukanyage breki, hapo zote zinafifia. Au taa zinawaka trela likiwa limefungwa kwenye gari na kuzima ukienda kona. Umeme unaokosa njia ya kurudi kupitia waya wake huitafuta nyingine, ukapita kwenye nyuzi za balbu ya jirani, au kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo ambacho trela hukikalia. Kichwa hicho kimepakwa grisi na kinachezacheza, kwa hiyo hakifai kutegemewa hata kama leo kinapitisha umeme.

Hapa ndipo multimita inapofaa. Washa taa zote, weka multimita kwenye volti, gusisha ncha moja kwenye waya wa ethi palepale nyuma ya taa na nyingine kwenye njia ya ethi ya plagi. Waya mzima utaonyesha karibu na sifuri. Ukisoma zaidi ya nusu volti, kuna kiungio kinachokula umeme katikati, na ukiisogeza ncha kutoka kiungio hadi kiungio utaona mahali ambapo namba inaruka.

Mara nyingi mhalifu ni skrubu moja karibu na sehemu ya mbele ya trela ambapo waya mweupe umefungwa kwenye fremu juu ya rangi na kutu. Ifungue, kwangua chuma mpaka king'ae, weka kishikio kipya cha duara na boliti yenye washa ya meno, kisha paka grisi juu yake baada ya kukaza. Mimi hupitisha waya mweupe hadi kwenye kila taa badala ya kuitegemea fremu. Ni kazi ya saa moja ambayo sijawahi kuijutia. Vile vibano vya plastiki vya buluu vinavyouma waya bila kuuchuna viondoe kila unapovikuta, kwa maana maji ya chumvi huingia ndani na shaba hugeuka unga wa kijani. Tumia viungio vya kubana vyenye ganda linalonywea kwa moto na kutoa gundi.

Kuhusu taa za LED neno moja linatosha: baadhi ya magari mapya hutuma mipigo midogo ya umeme ili kuchunguza kama kuna balbu, na LED huipepesea mipigo hiyo hata gari likiwa limezimwa. Hapo nyaya ni nzima.

Breki

Ndani ya dramu ya breki ya umeme kuna sumaku iliyo kwenye mkono wa chuma. Kontrola iliyo ndani ya gari ikituma umeme kupitia waya wa buluu, sumaku hujibandika kwenye uso wa dramu inayozunguka, ikaburutwa nayo kidogo, na mkono ule ukazisukuma breki shuu, yaani vile vipande vinavyoikaba dramu kwa ndani. Kwa hiyo breki isiposhika kuna maswali mawili: je, umeme unafika wa kutosha, na kama unafika, kuna nini ndani ya dramu?

Swali la kwanza hujibiwa kwa ampea. Sumaku ya breki ya inchi 10 au 12 huvuta takriban ampea 3 kontrola ikitoa umeme wote, kwa hiyo trela la ekseli mbili zenye breki huvuta takriban 12. Multimita nyingi zina kikomo cha ampea 10, na ukizifunga katikati ya waya wa buluu utaunguza fyuzi yake. Tumia kipimo cha kubana waya, na uhakikishe ni kile kinachopima umeme wa betri, kwa sababu vya bei rahisi vingi hupima umeme wa nyumbani tu. Washa injini, bana waya wa buluu karibu na plagi, na mwenzako asukume hadi mwisho kiwiko cha mkono cha kontrola, kile kinachoshikisha breki za trela bila kukanyaga pedali.

Ukisoma karibu na 9, sumaku moja haifanyi kazi. Ukisoma 6, huenda ekseli nzima imekatika. Ukisoma chini kidogo tu ya 12, rudi kwenye ethi, kwani sumaku zote hurudisha umeme kwa waya uleule mweupe. Ukisoma sifuri, pima waya wa buluu kwenye soketi ya gari kabla ya kulilaumu trela. Kontrola nyingi zina nyaya nne: mweusi wa umeme wa betri, mweupe wa ethi, mwekundu unaoleta habari kwamba pedali imekanyagwa, na wa buluu unaotoka. Kiwiko cha mkono kikifanya kazi lakini pedali haifanyi, mfuate mwekundu.

Ili kuipata sumaku mbovu, fungua nyaya zake mbili nyuma ya gurudumu na upime ukinzani kati yake. Sumaku ya inchi 10 au 12 huonyesha takriban omu 3.2, na ndogo ya inchi 7 takriban 3.9. Isipoonyesha njia kabisa, imekatika ndani. Ikikaribia sifuri, imepiga shoti. Kisha pima kati ya waya mmoja na mwili wa sumaku, ambapo hapatakiwi kuwa na njia yoyote. Nyaya hizo hazina chanya wala hasi, kwa hiyo usihangaike ni upi unaungwa na wa buluu.

Kuna kasoro moja ambayo haionekani trela likiwa limesimama. Mwaka juzi trela langu la ekseli mbili lilikuwa likishika vizuri, kisha baada ya mashimo kontrola inaonyesha shoti, na nikiegesha nipime kila kitu ni kizima. Nilibadilisha sumaku zote nne, nikaimaliza Jumamosi nzima, na Jumatatu shoti ikarudi. Mzee mmoja kutoka Bukavu, tuliyekuwa tukibeba naye magari, aliniambia nikae ndani niangalie kontrola, akainama na kuligonga bomba la ekseli ya nyuma kwa nyundo ya mpira.

"Mzee, imeonyesha tena!" nikapiga kelele.

"Basi waya umo humu ndani, kijana wangu," akasema. "Unajisugua kama kamba ya mbuzi kwenye mti."

Waya unaovuka kwenda upande wa pili mara nyingi hupitishwa ndani ya bomba la ekseli, ukicheza huku na huku kwa kila tikisiko mpaka ganda lake liishe. Dawa si kuvuta mwingine ndani ya tundu lilelile. Pitisha mpya nje, nyuma ya ekseli, ndani ya bomba laini la plastiki, na uufunge kila baada ya shubiri moja.

Ampea zikiwa sawa na breki bado ni dhaifu, kasoro ni ya chuma. Zuia magurudumu, inua trela kwa fremu, si kwa ekseli, na uweke stendi. Kwenye breki zisizojirekebisha zenyewe, zungusha gurudumu la meno kupitia tundu la nyuma mpaka gurudumu ligome kuzunguka, kisha rudisha mpaka lizunguke kwa mkwaruzo mwepesi. Breki mpya hurekebishwa baada ya takriban kilomita 320, kisha kila kilomita 4,800 hivi. Ukivua dramu, angalia kama sili imevujisha grisi: lainingi (ule uso wa shuu unaosugua dramu) iliyolowa grisi haioshwi ikapona, hubadilishwa. Uso wa sumaku uliolika upande mmoja nao unatakiwa kutupwa.

Kamba ya usalama na marekebisho ya mwisho

Swichi ya dharura, ile yenye pini iliyofungwa kwa kamba kwenye gari, hupeleka umeme wa betri ya trela kwenye breki trela likichomoka. Sheria ya shirikisho ya Marekani kwa magari ya biashara inataka breki hizo zishike kwa angalau dakika 15, na betri iliyokaa miaka minne ndani ya kiboksi chake bila kuchajiwa haiwezi. Unapoijaribu, chomoa kwanza plagi ya trela, maana umeme huo hurudi nyuma kupitia waya wa buluu na unaweza kuiua kontrola. Vuta pini, jaribu kuliburuta trela mbele taratibu uone magurudumu yanagoma, kisha rudisha pini papo hapo ili sumaku zisipate moto.

Ukishamaliza, nenda kwenye barabara kavu, tambarare na isiyo na watu, uendeshe kilomita 40 kwa saa na usukume kiwiko cha mkono peke yake. Ongeza nguvu ya kontrola hatua kwa hatua mpaka magurudumu ya trela yaanze kuburuzika, kisha punguza kidogo chini ya hapo. Zoezi hilo lirudie kila unapobadilisha uzito wa mzigo, kwa kuwa nguvu inayolifaa trela lililobeba gari italifanya trela tupu liburuzike kwenye lami iliyolowa.