Kompresa ya gereji ya nyumbani: anza na kifaa, usianze na mtungi

Ughaibuni wengi wetu tunageuka mafundi kwa lazima, maana ujira wa saa moja wa fundi si mchezo. Gereji ikishapata jeki na spana, kinachofuata kutamaniwa ni kompresa ya upepo. Dukani macho hukimbilia mtungi mkubwa na nguvu za farasi zilizoandikwa kwa herufi nene. Vyote viwili hupotosha wanunuzi.

Cha kutazama ni kiasi cha upepo ambacho pampu inaweza kutoa mfululizo. Marekani na Kanada hupima kwa futi za ujazo kwa dakika, yaani CFM. Ulaya hupima kwa lita kwa dakika. CFM 1 ni kama lita 28. Presha ikipanda, upepo unaotoka hupungua, kwa hiyo soma ile namba iliyopimwa kwenye presha ya psi 90, ambayo kwa kipimo cha Ulaya ni karibu bar 6. Ulaya kuna mtego mwingine: kibandiko mara nyingi hutaja hewa inayoingia kwenye pampu, na inayotoka upande wa pili inaweza kuwa theluthi mbili tu ya hiyo. Ulizia inayotoka.

Sasa fikiria kazi zako. Kujaza matairi na kupiga misumari midogo ni kazi ya kompresa ndogo yenye mtungi wa lita 24. Spana ya upepo ya kufungulia nati za magurudumu inataka CFM 4 au 5, lakini unaibonyeza sekunde chache kisha unaachia, na mtungi wa lita 50 unaipa pampu nafasi ya kujaza tena. Kazi ngumu ni mashine ya msasa na bunduki ya rangi. Hizo zinaweza kula CFM 10 na zaidi, tena bila kupumzika. Mtungi hauzalishi upepo, unauhifadhi tu. Pampu ikizidiwa, presha inashuka ukiwa katikati ya mlango wa gari na rangi inatoka mabakamabaka. Chukua kifaa chenye njaa kuliko vyote, ongeza robo juu ya mahitaji yake, ununue kwa kipimo hicho. Ila kama ni msasa peke yake unaokusukuma kwenye kompresa kubwa, nakushauri ununue mashine ya msasa ya umeme uokoe nafasi.

Halafu geukia soketi ya ukutani. Soketi ya kawaida ya Marekani, volti 120 na ampea 15, haipitishi zaidi ya wati 1,800. Nguvu ya farasi moja ni wati 746. Piga hesabu mwenyewe: kompresa inayodai farasi 5 kwenye soketi hiyo haiwezi kufanya kazi kwa nguvu hizo. Uingereza, plagi ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000, kwa hiyo mota ya farasi 3 iko karibu na ukingo, hasa inapowaka, kwa kuwa wakati huo huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Kubwa zaidi ya hapo inahitaji laini yake, na kama umepanga, zungumza kwanza na mwenye nyumba. Usitumie ekstensheni ndefu na nyembamba. Volti hushuka na mota huungua. Refusha mpira wa upepo badala yake.

Pampu zisizo na oili ni nyepesi na huwaka kwa urahisi kwenye gereji yenye baridi kali, wakati oili ya zile nyingine imekuwa nzito. Lakini za bei ya chini hupiga kelele hadi desibeli 90, kiwango cha kuumiza masikio na kuharibu ujirani. Kama gereji imeshikana na nyumba, tafuta ya desibeli 60 hivi, au pampu ya oili inayozungushwa kwa mkanda, ambayo huenda polepole na hudumu.

Anayepanga kuisafirisha Afrika Mashariki siku moja akumbuke kwamba kule ni volti 230 hadi 240 na hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), sawa na Uingereza. Ya Marekani ni ya hezi 60, na transfoma hubadilisha volti tu, si hezi. Ya mkanda ina nafuu: fundi anaweza kufunga mota nyingine na kuacha pampu na mtungi.

Ukinunua iliyotumika, fungua koki ya chini ya mtungi. Maji kidogo ni kawaida, na hata mpya humwagwa kila baada ya kazi. Yakitoka mazito ya kutu, ondoka. Mtungi ulioliwa na kutu hupasuka, na kuuchomelea hakuurudishii usalama. Kisha hesabu muda wa kujaa. Mtungi wa lita 50 kufikia bar 8 unahitaji kama lita 400 za hewa, kwa hiyo pampu inayotoa lita 100 kwa dakika itachukua dakika 4 hivi. Ikifika 7, ringi za pistoni zimechoka au valvu zinavuja.