Kusimamia Mirathi Uingereza: Usigawe Kabla ya Kutangaza Madeni

Kaka yangu alifariki Leicester bila wosia, bila mke na bila mtoto. Nyumbani Tanga utaratibu tunaujua: kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari unaandikwa, na aliyependekezwa anaupeleka Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari huo haukunisaidia lolote huku. Kwa sheria ya England na Wales, asiyeacha mwenzi wala watoto hurithiwa na wazazi wake, na ndugu hawana fungu maadamu mzazi mmoja yu hai. Baba alikwisha tangulia, kwa hiyo mwenye haki alikuwa mama peke yake, nami nikaomba barua ya usimamizi, yaani hati inayokuruhusu kusimamia mirathi, kwa hati ya uwakilishi aliyonipa. Fomu nilijaza, ada nikalipa, barua ikaja.

Kilichonitia matatani ni deni. Siku ya maziko imamu alitangaza, kama ilivyo desturi yetu, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa wanafamilia. Wakajitokeza wawili, tukawalipa siku hiyo hiyo, nami moyoni nikaona jambo limekwisha. Fedha za benki zilipoingia mikononi mwangu, simu kutoka nyumbani hazikukatika: paa la mama linavuja, ada za watoto zimefika, fulani anauliza mbona unakalia mali ya marehemu. Nikatuma zote. Wiki ya tano ikaja bahasha ya kahawia yenye kidirisha, inadai malipo ya ustawi, yaani msaada wa fedha wa serikali, aliyopewa marehemu kupita kiasi, na baada yake barua ya mkopo ambao hakuna aliyeujua. Msimamizi aliyegawa mali kabla ya kulipa madeni huyabeba mwenyewe, hata kama hakubakiza senti, nami niliyalipa kwa mshahara wangu.

Kwa hiyo usigawe. Sheria ya Wadhamini ya mwaka 1925, kifungu cha 27, inakupa kinga: tangaza katika The Gazette, ambalo ni gazeti rasmi la dola, na kama marehemu aliacha nyumba au ardhi, tangaza pia katika gazeti la eneo hilo, kisha subiri si chini ya miezi 2. Muda ukipita, lipa gharama za maziko na madeni uliyoyajua, ndipo ugawe. Mdai atakayezuka baadaye atawafuata waliopokea, hatakufuata wewe. Kama kuna mtu aliyekuwa akitunzwa na marehemu, usigawe hadi miezi 6 ipite tangu barua ya usimamizi itolewe, kwa kuwa ana muda huo wa kwenda mahakamani kudai.

Katika nchi hii deni ni siri ya mtu na benki yake, na anaweza kuishi na mwenzake miaka 20 asimwambie. Mimi naona desturi yetu ya kuuliza mbele ya jeneza ina utu zaidi, lakini inafaa mahali ambapo wadai ni majirani, na benki haiji mazikoni.

Ndugu zangu mlio nyumbani, msimamizi anayechelewa hajala mali ya mtu. Msimwite mwizi, wala msikope kwa kutegemea fedha ambazo bado ni za wadai. Nawe uliye huku, siku tangazo litakapotoka, lipige picha umtumie mama pamoja na tarehe ya mwisho wake, umweleze kwamba kabla ya tarehe hiyo hutatuma hata shilingi.