Kupima kina cha mlio na kuchagua zana ya kuchimbia

Mtu anayetafuta dhahabu kwa kigunduzi cha metali katika udongo mwekundu wa Chunya, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako dhahabu ya eneo la Lupa ilianza kufuatwa na watu wengi tangu miaka ya 1920, hukutana na swali lile lile kila mashine inapolia: kilichopo chini ni kidogo na kiko karibu, au ni kikubwa na kiko mbali? Jibu ndilo linaloamua zana gani ishikwe, shimo liwe na upana gani, na kama kazi hiyo ni ya mtu mmoja au wawili. Mchimbaji anayeruka swali hili na kuanza kupiga sululu mara moja huishia na shimo jembamba, rundo la udongo lisilopimwa, na mlio uliopotea.

Kipimo cha kina kinachoonekana kwenye kioo cha baadhi ya vigunduzi kisitegemewe katika kazi hii. Kimepangwa kwa kukadiria kwamba kitu kilichofukiwa kina ukubwa wa sarafu, kwa hiyo punje ndogo ya dhahabu iliyo karibu na uso wa ardhi inaweza kuonyeshwa kana kwamba iko ndani sana, na kopo kubwa lililo ndani likaonyeshwa kana kwamba liko karibu. Sababu yake ni ya kimaumbile. Nguvu inayotoka kwenye koili, yaani ile sahani yenye nyaya iliyo mwisho wa mpini wa kigunduzi, hudhoofika inapoteremka ardhini, na jibu la metali hudhoofika tena linapopanda. Kwa kitu kidogo kilicho mbali ukilinganisha na upana wa koili, umbali ukiongezeka mara 2, mlio unaweza kupungua takriban mara 64. Mashine hupokea nguvu ya mlio tu. Haina njia ya moja kwa moja ya kutenganisha udogo na umbali.

Njia ya kutenganisha mambo hayo mawili ni kubadilisha umbali kwa makusudi na kusikiliza mlio unavyobadilika. Anza kwa kupitisha koili kwa upole, ikiwa karibu na ardhi bila kuigusa, kisha geuka nyuzi 90 na kuipitisha tena juu ya mahali pale pale. Mahali ambapo milio ya njia hizo mbili inakutana, hapo ndipo katikati. Mlio mfupi na mkali, wenye mwanzo na mwisho unaosikika wazi, mara nyingi ni wa kitu kidogo kilicho karibu. Mlio mpana na laini, unaoinuka polepole na kushuka polepole, huashiria kitu kilicho ndani au kikubwa. Baada ya hapo inua koili sentimita 5, halafu 10. Kitu kikubwa kitaendelea kusikika, ilhali punje ndogo hunyamaza mara moja.

Hata hivyo, kitu kikubwa kilicho mwisho wa uwezo wa mashine nacho hunyamaza koili inapoinuliwa. Kwa sababu hiyo mimi huthamini zaidi jaribio la pili: kwangua kwa jembe sentimita 5 za udongo wa juu, usogeze pembeni, kisha pima tena. Kama kitu kilikuwa sentimita 10 chini, umeondoa nusu nzima ya umbali, na mlio utaongezeka ghafla. Kama kilikuwa sentimita 40, umeondoa sehemu moja tu ya nane, na mabadiliko yatakuwa madogo. Na kama mlio umehama pamoja na udongo uliokwanguliwa, kitu tayari kiko kwenye rundo. Kama umetoweka kabisa, huku shimo na rundo vyote vikiwa kimya, huenda ulikuwa mlio wa udongo wenyewe, kwa maana madini ya chuma yaliyomo katika udongo mwekundu yanaweza kuidanganya mashine, hasa isiporekebishwa upya kulingana na ardhi ya mahali hapo.

Sikio la kazi hii hufundishwa nyumbani. Chukua chubwi ndogo za kuvulia samaki, kwa kuwa risasi, yaani metali laini inayotengenezea chubwi, hulia kwa namna inayokaribiana na dhahabu na bei yake ni ndogo. Usizifukie kwa kuchimba kutoka juu, maana udongo uliovurugwa hausikiki kama ule uliotulia miaka mingi. Chimba shimo pembeni, toboa kwa nondo tundu la mlalo linaloingia chini ya ardhi ambayo haijaguswa, kisha toa nondo na usukume chubwi ndani kwa ncha ya fimbo. Fanya hivyo katika kina cha sentimita 5, 10, 20 na 30, ukibadilisha ukubwa wa chubwi. Siku chache za mazoezi haya zitakuonyesha uwezo halisi wa mashine yako na koili yako: koili pana hufika chini zaidi kwa vitu vikubwa, lakini hupoteza punje ndogo ambazo koili nyembamba ingezisikia.

Zana sasa zichaguliwe kwa kufikiria sentimita za mwisho kabla ya zile za mwanzo. Sululu nyepesi, yenye bapa pana upande mmoja na ncha upande wa pili, inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, nayo ifungwe sumaku imara ili ikusanye misumari na vipande vya bati vinavyochelewesha upimaji. Beleshi hufaa kwenye mchanga wa mito mikavu, ambako sululu haishiki kitu. Mtaimbo huhitajika pale udongo mwekundu ulipogandamana kama zege, na tindo na nyundo hutumika kwenye nyufa za mwamba, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani. Lakini mlio unapokuwa mkali mno, weka vyuma vyote pembeni na uendelee kwa mkono wenye glavu, mti uliochongwa na kijiko kipana cha plastiki, kwa sababu pigo moja la sululu linaweza kupasua jiwe la kwatzi lenye dhahabu na kutawanya vipande visivyopatikana tena. Kumbuka pia kwamba sululu iliyoachwa karibu na shimo, au kiatu chenye chuma mbele, hulia kama hazina.

Usipige katikati ya mlio. Anza kiasi cha sentimita 15 pembeni yake na uvute udongo kuelekea kwako, ukiweka upana wa shimo usiopungua kina chake ili koili au kifaa kidogo cha kupimia kiingie bila kukwaruza kuta. Pima shimo na rundo kila baada ya sentimita 5 hadi 10. Kitu kikishatoka, gawa udongo mara mbili kwa kijiko cha plastiki, pitisha kila nusu juu ya koili, tupa ile iliyo kimya na ugawe tena ile inayolia, hadi ibaki kiganja kimoja.

Mlio ukiendelea kuwa mpana baada ya mita 1, simama. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa takriban tani 1.5 hadi 2, na ukuta usioegemezwa hauonyi kabla ya kuanguka. Panueni shimo kwa ngazi, mkiwa wawili, na mmoja abaki juu. Nchini Tanzania kazi yote hii ifanyike ndani ya eneo lenye leseni chini ya Sheria ya Madini na kwa ridhaa ya mwenye leseni. Vigae, shanga au sarafu za kale zikijitokeza, acha kuchimba na utoe taarifa, kwa kuwa maeneo ya kihistoria yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Kabla ya kufukia, pima sakafu ya shimo na kuta zake mara ya mwisho. Dhahabu ni nzito, kiasi cha mara 19 ya maji, na punje zilizobebwa na mkondo mmoja wa mvua mara nyingi hutua pamoja juu ya mwamba. Punje kubwa ikishaondolewa, mlio mdogo uliofunikwa na sauti yake huanza kusikika.